Neno "inakuja" na wateja wanaoondoka: jibu kwa mwenye hoteli wa Kisumu

Swali: "Nina hoteli ya chakula cha mchana karibu na Kondele, mjini Kisumu, na duka dogo la rejareja upande wa mbele. Kwa muda wa mwaka mmoja nimebadilisha wahudumu mara tatu. Nimewashonea sare, nimemleta mwalimu akawafundisha kusalimu na kutabasamu, na ukutani nimebandika maandishi kwamba mteja ni mfalme. Hata hivyo wateja bado wananung'unika kwamba wanapuuzwa, chakula kinachelewa na bili haifanani na walichotarajia. Je, nitawapata wapi wahudumu wenye adabu?"

Jibu: Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili nikilitafuta jiko ndani yake, na sikuliona. Wamo wahudumu, wamo wateja, imo sare, yumo mwalimu, umo hata ukuta. Jiko halimo, wala mpishi hatajwi. Watu wa makundi matatu tofauti, waliotoka katika malezi tofauti, wameingia katika chumba kimoja na wote wakaonyesha kasoro zile zile. Jambo hilo likitokea mara moja, mtu anaweza kumlaumu mhudumu. Likitokea mara tatu, inafaa kuchunguza kile ambacho hakikubadilika, yaani jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa, nani anajua nini, na nani anaadhibiwa kwa kusema ukweli. Kwa hiyo nitakujibu bila kukutajia mahali pa kupata wahudumu wengine, maana sioni kwamba wa nne watakuwa tofauti.

Tuanze na neno moja ambalo bila shaka linasikika katika hoteli yako kila siku saa saba mchana: "inakuja". Mteja ameagiza ngege wa kukaanga na ugali, ameketi dakika ishirini, amemwita mhudumu, naye mhudumu amejibu "inakuja" na kupita. Baada ya dakika kumi nyingine mteja ameuliza tena, na jibu ni lile lile. Wewe ukiwa kaunta unaona mhudumu asiyejali. Mimi, ambaye nimelisema neno hilo mara zisizohesabika kabla sijaanza kufundisha kazi hii, namwona mtu asiye na habari yoyote ya kumpa mteja. Hajui samaki ameingia kwenye mafuta au bado amelala kwenye beseni. Akienda kuuliza, mpishi aliyezungukwa na moshi anamfokea kwamba anamsumbua tu. Akirudi na kumwambia mteja ukweli kwamba bado dakika ishirini na tano, mteja anaweza kuondoka, na akiondoka wewe utamuuliza yeye kwa nini mteja ameondoka. Katika hali hiyo "inakuja" ndilo neno salama kuliko yote, kwa sababu halina ahadi wala uongo wa moja kwa moja, na linamnunulia dakika tano za amani.

Sasa hesabu kidogo. Tuseme karai lako linachukua samaki watatu kwa pamoja, na kila mkupuo unachukua dakika kumi na mbili. Watu kumi wakiagiza samaki kati ya saa saba kamili na saa saba na dakika tano, jambo ambalo ni la kawaida ofisi zinapofunga kwa chakula, yule wa kumi samaki wake ataingia kwenye mafuta baada ya mikupuo mitatu, yaani dakika thelathini na sita, na atatoka baada ya dakika arobaini na nane. Hakuna mtu aliyezembea hapo. Mpishi amefanya kazi bila kupumzika, mhudumu amekimbia huku na huku, na bado mteja wa kumi anarudi ofisini akiwa amechelewa na amekasirika. Kumfundisha mhudumu kutabasamu hakuongezi karai. Afadhali fedha ulizomlipa mwalimu zingenunua karai la pili, na nalisema hili mimi ambaye nalipwa kwa kufundisha.

Hata hivyo si lazima kila kuchelewa kuondolewe ili mteja aridhike. Watu wa kwetu huku ziwani wanajua kwamba samaki mzima hukaangwa kwa muda, na anayetoka Kakamega au Vihiga hahitaji kuelezwa kwamba kuku wa kienyeji haivi kwa nusu saa. Kinachowaudhi ni kungoja bila kujua wanangoja mpaka lini. Mteja wa kumi angeambiwa alipoketi tu, "Samaki atachukua dakika arobaini na tano, lakini dengu kwa chapati ziko tayari, na nyama ya mchuzi ni dakika tano," angefanya uamuzi wake mwenyewe. Pengine angekula dengu akaondoka kwa wakati, pengine angeamua kumngoja samaki wake kwa hiari. Katika hali zote mbili hakuna manung'uniko. Hiyo ndiyo huduma bora ninayoifahamu, na sehemu yake kubwa ni kumpa mteja habari ya kweli mapema.

Ili mhudumu awe na habari hiyo, lazima aipate mahali. Kila siku saa sita kasorobo, mpishi na wahudumu wote wasimame pamoja kwa dakika kumi. Mpishi aseme leo kuna samaki wangapi na wa ukubwa gani, kuku wa kienyeji ni sahani ngapi, mboga ya osuga itatosha mpaka saa ngapi, na nini hakipo kabisa. Idadi hizo ziandikwe kwa chaki kwenye ubao karibu na dirisha la jikoni, na kila oda ikiingia, aliyeileta apunguze mwenyewe. Ubao huo hugharimu kiasi kidogo sana, na ndio unaomaliza ile aibu kubwa kuliko zote katika hoteli zetu, ya mhudumu kurudi baada ya dakika ishirini kusema kwamba chakula kilichoagizwa kimekwisha. Neno "kimekwisha" likisemwa mteja anapoketi ni msaada kwake. Likisemwa baada ya dakika ishirini ni tusi, hata kama linasemwa kwa sauti ya upole na kwa sare iliyopigwa pasi.

Kuhusu viti, iko kanuni moja ambayo mtaalamu wa Marekani aitwaye John Little aliithibitisha kihesabu mwaka 1961, na ambayo inatumika kwenye hoteli ya ugali kama inavyotumika kiwandani. Kwa wastani, idadi ya watu waliomo ndani ni sawa na kasi ya watu kuingia ikizidishwa kwa muda ambao kila mmoja anakaa. Wakiingia watu 48 kwa saa, na kila mmoja akikaa dakika 50 tangu aingie mpaka atoke, unahitaji viti 40. Wakikaa dakika 40, viti 32 vinatosha. Maana yake ni kwamba ukipunguza dakika kumi za kungoja umepata viti vinane bila kujenga ukuta wala kununua meza. Wengi wenye hoteli huona watu wamesimama mlangoni wakafikiri biashara imenoga na kwamba wanahitaji chumba kikubwa zaidi, ilhali nusu ya walioketi ndani wamekwisha kula na wanangoja bili.

Nije kwenye kulalamika kwamba wanapuuzwa. Katika hoteli za upande wetu tunayo desturi ambayo wengi wameigeuza kuwa usumbufu, nayo ni maji ya kunawa. Ugali unaliwa kwa mkono, kwa hiyo kila mteja lazima anawe. Siku hizi hoteli nyingi zimeweka sinki kwenye kona na kumwachia mteja aitafute mwenyewe, na mara nyingine sabuni haipo. Mimi nashauri, kwa saa moja na nusu ya msongamano, mtu mmoja apewe kazi ya kuleta birika la maji ya uvuguvugu na beseni mezani mara mteja anapoketi. Mtu ambaye mikono yake imemiminiwa maji na kuulizwa habari ya mchana amekwisha kupokewa. Anajua ameonekana. Baada ya hapo anaweza kungoja dakika kumi bila kugeuza shingo kumtafuta mtu. Asiyepokewa kwa dakika tano za kwanza huhesabu kila sekunde, na hata chakula kikiletwa haraka baadaye, kumbukumbu yake ni ile ya mwanzo. Angalia pia nani anapokewa kwanza. Nimekaa katika hoteli ambamo mwenye tai anafuatwa mpaka mezani, na mwendesha bodaboda mwenye koti la vumbi anaitwa kwa kidevu. Yule wa bodaboda hula hapo mara sita kwa wiki na huleta abiria wanaouliza mahali pa kula. Mwenye tai huja mara moja kwa mwezi. Na kwa kuwa Kisumu ni mji wa watu wengi, salamu ya kwanza iwe kwa Kiswahili. Mteja mwenyewe akigeukia Kijaluo au Kiluhya, mhudumu amfuate huko.

Suala la bili lina jibu ambalo unaweza kulitazama kwa macho yako ukienda Dunga ufukoni. Kule, mteja huonyeshwa samaki wakiwa wabichi, akachagua mmoja, akatajiwa bei yake, wakakubaliana, ndipo samaki akapelekwa kwenye mafuta. Bei hutegemea ukubwa, lakini ukubwa umeonekana na pande zote mbili kabla ya moto. Hoteli za mjini zimechukua desturi ya bei kutegemea ukubwa zikaiacha desturi ya kuonyesha. Menyu inasema "samaki, kulingana na ukubwa", mteja anakula, kisha bili inakuja na shilingi mia mbili zaidi ya alizopanga. Hapo mhudumu hana la kusema, kwa kuwa mfupa uliobaki kwenye sahani hauwezi kupimwa. Ama waonyeshe wateja samaki kwenye sinia, ama uwapange samaki hao kwa makundi matatu yenye bei zilizoandikwa. Nyama choma nayo ni vivyo hivyo: nyama hupungua uzito ikiwa motoni, kwa hiyo mteja aone kilo yake kwenye mizani ikiwa mbichi, au utakuwa unaulizwa kila Jumamosi nusu ya kilo imekwenda wapi.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hukulitaja, lakini nalishuku. Zamani, nikiwa kijana, nilikuwa mhudumu katika hoteli moja mjini Nakuru. Jioni moja ya mwisho wa mwezi wateja wanne walikula, wakanywa, wakaondoka mmoja mmoja kama wanaokwenda kupokea simu nje, na bili yao ikabaki mezani. Mwenye hoteli aliikata yote kwenye mshahara wangu. Kuanzia siku ile sikuwatazama tena wateja, niliutazama mlango. Mtu akiinua mkono kuomba chumvi, mimi nilikuwa nahesabu viatu vinavyotoka. Mtu akiinuka kwenda msalani, nilimfuata. Bila shaka walioketi pale walisema kwamba yule kijana hana adabu, na walikuwa wamesema kweli, ila hawakujua adabu hiyo ilinunuliwa kwa shilingi ngapi.

Ikiwa wewe pia unakata mishahara kwa bili zisizolipwa, sahani zilizovunjika na oda zilizokosewa, basi umekwisha kuwafundisha wahudumu wako somo lenye nguvu kuliko la mwalimu uliyemleta. Sheria nayo haikuruhusu kiholela. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinaruhusu makato ya kiasi kinachofaa kwa hasara au uharibifu ambao mfanyakazi ameusababisha kwa makusudi. Upungufu wa fedha unaotokana na uzembe au udanganyifu unaweza kukatwa kwa yule tu ambaye mkataba wake unasema waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha, yaani mtu kama keshia. Mhudumu ambaye sahani imemteleza mkononi, au ambaye mteja amemtoroka, hayumo humo. Mpangilio wa kulipa kwanza kaunta na kupewa kikaratasi cha kupelekea jikoni ungemaliza tatizo la kutoroka bila kumgeuza mhudumu kuwa mlinzi.

Badala ya kumkata, mpe uwezo kidogo. Hoteli za kifahari za Ritz-Carlton zinajulikana kwa kumruhusu kila mfanyakazi kutumia hadi dola 2,000 kwa mgeni mmoja ili kurekebisha kosa, bila kumuuliza mkubwa wake. Sisi hatuuzi vyumba vya namna hiyo, na dola 2,000 zingefunga hoteli yako kabla ya Ijumaa. Lakini shilingi 200 zinawezekana. Mhudumu aruhusiwe, bila kuja kukutafuta, kumpa mteja aliyecheleweshwa soda, kubadilisha ugali uliopoa, au kuondoa kitoweo kilichokosewa kwenye bili, kisha aandike kwenye daftari alichotoa na kwa nini. Usimgombeze kwa kuandika. Baada ya wiki mbili daftari hilo litakuonyesha kasoro za jiko lako waziwazi: ukikuta soda nane zimetolewa kwa sababu ya samaki waliochelewa, unajua karai la pili limekwisha kukulipa.

Na wahudumu wenyewe wanakula saa ngapi? Katika hoteli nyingi nilizozitembelea, anayefika saa kumi na mbili asubuhi kuandaa chai na mandazi hupata chakula chake saa kumi jioni, kilichobaki kwenye sufuria. Saa saba mchana, wakati unaomtaka awe mchangamfu, amekwisha kusimama kwa muda wa saa saba na tumbo lake tupu linapita katikati ya harufu ya kuku. Walishe saa tano na nusu, kabla ya mkutano wa ubao. Siku moja ya mapumziko katika kila siku saba si hisani. Imo katika Sheria hiyo hiyo ya Ajira.

Kwa upande wa duka sina mengi, maana ugonjwa ni ule ule kwa sura nyingine. Kwanza, simu. Nadhani malipo ya M-Pesa yanaingia kwenye simu yako mwenyewe, na mara kwa mara uko Ahero kutafuta mchele au Kibuye kununua nyanya. Mteja amelipa, ameonyesha ujumbe wake, lakini msichana wa kaunta hawezi kumruhusu mpaka akupigie na wewe uthibitishe. Mteja anasimama pale kama mshukiwa. Simu ya biashara ikae kaunta, nawe uangalie hesabu jioni. Pili, chenji. Kumpa mtu peremende mbili mahali pa shilingi kumi ni kumuuzia asichoomba. Tafuta sarafu asubuhi kabla ya kufungua. Tatu, bei iliyobandikwa kwenye rafu iwe ndiyo bei ya kaunta. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bei, na malalamiko ya namna hiyo hupokewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Nne, kama umebandika tangazo kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi, libandue. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Maziwa yaliyoganda kabla ya tarehe yake yatarudi kwako, uwe umebandika tangazo au hukubandika.

Sikatai kwamba wapo wahudumu wakorofi kwa asili. Nimewaona, na mmoja au wawili nimewaachisha kazi mwenyewe. Lakini mhudumu mkorofi huonekana waziwazi pale tu ambapo wenzake wote wana habari, wana uwezo na wameshiba, naye bado anawageuzia wateja mgongo. Katika hali yako ya sasa huwezi kumtenga na wengine, kwa kuwa mpangilio umewavika wote sura moja.

Kwa hiyo usiajiri mtu mpya mwezi huu. Kuanzia Jumatatu, kila oda iandikwe saa iliyoingia jikoni na saa iliyotoka, na wewe mwenyewe ukae karibu na dirisha la jikoni, si kaunta, kwa siku tano kati ya saa sita na nusu na saa nane. Usiseme neno, sikiliza tu mhudumu anauliza nini na mpishi anamjibu nini. Na yule mhudumu wa mwisho uliyemwachisha, ikiwa bado yuko mjini na simu yake unayo, mwite umpe chai, umuulize kitu kimoja: alipokuwa akiwaambia wateja "inakuja", yeye mwenyewe jikoni alikuwa ameambiwa nini?